Shangazi, baba auze mashua nikasome uzamili wa sanaa?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 27, mzaliwa wa Langoni, Lamu. Nina shahada ya kwanza ya sanaa. Kwa miaka mitatu nimeajiriwa katika duka la vitu vya kitalii kwenye Usita wa Pwani, na usiku nadarizi kofia za viua. Sasa nimepata nafasi ya uzamili wa sanaa Nairobi, miaka miwili, bila ufadhili. Baba yuko tayari kuuza mashua yake. Mnunuzi wa Shela ameshakuja kuitazama. Mama asema heri niolewe kwanza. Mjomba asema nikiwa na uzamili serikali itaniajiri kufundisha sekondari. Mimi nimechoka kuitwa mshona kofia. Nifanyeje?*
*Mdarizi, Langoni*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye sentensi ile ya kuitwa mshona kofia, ambayo naona uliiandika mwishoni kana kwamba haina uzito. Tutairudia.

Nianze na mjomba, kwa kuwa kosa lake ni jepesi kulirekebisha. TSC, tume ya serikali inayowasajili na kuwaajiri walimu, haimsajili mwalimu wa sekondari kwa sababu ana uzamili. Humsajili kwa sababu amesomea ualimu na ana masomo ya kufundishia. Wewe, ambaye shahada yako si ya elimu, ungehitaji stashahada ya uzamili ya ualimu, ambayo ni masomo mengine kabisa na huchukua muda mfupi zaidi. Ni kweli kwamba wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10, walioanza Januari 2026, wana mkondo wa sanaa na michezo, na walimu wa sanaa watahitajika. Basi ikiwa ualimu wa sekondari ndio unaoutaka, nafasi uliyoipata Nairobi si njia yake. Lakini katika barua yako sikuona popote ukisema unautaka. Anayeutaka ni mjomba.

Uzamili wa sanaa una kazi zake. Ukitamani kufundisha chuo kikuu, huwezi kuuruka, na hata huo hautoshi, kwa sababu baada yake utatarajiwa kusomea uzamifu. Ipo pia faida isiyoandikwa kwenye cheti, nayo kwangu ndiyo kubwa: kukaa miaka miwili na watu wanaoitazama kazi yako kwa jicho kali, wakakuuliza kwa nini ua hili umeliweka hapa wala si pale, na wasikubali jibu la kwamba ndivyo ulivyofundishwa. Hapo dukani mgeni hukusifu, akalipa, akapanda boti akaenda zake. Hakuna anayekusumbua, na msanii asiyesumbuliwa huanza kujirudia bila kujua.

Hata hivyo, faida hiyo humfikia anayeingia na swali lake mkononi. Wenzangu wengi walifaulu vizuri masomo ya darasani kisha wakakaa miaka kwenye tasnifu, na mimi nilikuwa mmoja wao: nilibadili mada mara mbili na kulipa karo ya mwaka mzima ambao sikuupangia. Wewe swali unalo, ila umelionea haya. Kofia ya viua ni kitambaa cheupe kilichojazwa matundu madogo, kila tundu limezungushiwa uzi kwa mkono, na kofia moja hula wiki nyingi za macho na vidole. Nani hubuni ile michoro? Ipi imefanana na nakshi za milango ya mtaa wa Mkomani na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za nyumba za kale, na ipi imeletwa juzi kwa ajili ya soko? Hakuna mwanafunzi wa Nairobi anayeweza kuyauliza hayo akiwa na sindano mkononi kama wewe. Ukienda huko kulikimbia jina la mshona kofia, utakuwa umeiacha nyumbani kazi ambayo ingekupatia hiyo shahada.

Sasa mashua. Isiuzwe, na hili nalisema bila kumung'unya maneno. Karo ni sehemu tu ya gharama: kuna kodi ya chumba, vifaa, maonyesho, uchapishaji wa tasnifu, na nauli ya kuvuka kwa boti hadi Mokowe, bara, na kupanda basi kila likizo. Mashua ikishauzwa, mwaka wa pili mtauza nini? Isitoshe, mwanafunzi wa sanaa lazima apewe nafasi ya kuharibu kazi na kuanza upya, nawe hutathubutu kuharibu kitu huku ukijua kila shilingi ilikuwa ubao wa mashua ya babako.

Kwa hiyo kiandikie chuo ukiomba kuahirisha kujiunga kwa mwaka mmoja. Vyuo vingi hukubali vikiombwa mapema na kwa maandishi. Katika mwaka huo omba ufadhili. Chevening ya Uingereza, ambayo maombi yake kwa kawaida hufunguliwa Agosti, hulipia uzamili wa mwaka mmoja hukohuko Uingereza, hudai saa 2,800 za kazi, ambazo miaka yako mitatu dukani inazitimiza, na hudai pia urudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Uangalie pia Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, ambako sanaa imefundishwa tangu 1937, ulinganishe karo yake na ya Nairobi. Usiku endelea kudarizi, lakini piga picha kila kofia kabla haijauzwa, na uwaendee wazee wanaochora ruwaza ukawarekodi wakieleza, kwani mkusanyiko huo ndio utakaouambatanisha na maombi yako. Kufikia mwezi wa sita ukijikuta hukurekodi hata mmoja, niandikie tena, maana hapo tutakuwa na mazungumzo mengine.

Kuhusu mama, mwambie kwamba mchumba akipatikana, habari ya masomo aisikie kabla ya posa. Hilo sina zaidi la kuliongeza.

Babako akirudi kutoka baharini jioni ya leo, mshukuru kwanza, kwa sababu si wazazi wengi wangemtolea binti yao mashua. Kisha mwombe amtumie ujumbe yule mnunuzi wa Shela, atafute nyingine.