"Midnight" kwenye tarehe ya mwisho: ni usiku upi?

SWALI: Ninalima zabibu Hombolo, Dodoma. Mnunuzi mmoja wa London amenialika niwasilishe bei, na waraka wake wa Kiingereza unataka bei hizo zifike kabla ya "midnight on Friday 15 May". Kijana wangu amenitafsiria kuwa ni usiku wa manane wa Ijumaa. Je, ni Alhamisi kuamkia Ijumaa, au Ijumaa kuamkia Jumamosi?

JIBU: Ndugu msomaji, Waingereza walio wengi wakiandika hivyo hukusudia mwisho wa siku ya Ijumaa, yaani usiku wa kuamkia Jumamosi. Hata hivyo usiitegemee maana hiyo peke yake, kwa sababu neno "midnight" lenyewe halisemi hivyo. Linataja saa 6:00 kamili za usiku, ambazo ni mpaka wa siku mbili, wala halielezi mpaka huo umehesabiwa upande wa siku ipi. Simu na kompyuta zinazofuata mfumo wa saa 24 huandika wakati huo 00:00 na kuupa tarehe ya siku inayoanza. Kwa hiyo, kama maombi yanapokewa kwa mtandao na mfumo umewekewa 00:00 ya tarehe 15, utafungwa Alhamisi usiku, na ile Ijumaa nzima uliyokuwa ukiitegemea haitakufaa kitu.

Tafsiri ya kijana wako inaeleweka, ila haifai kwenye zabuni. Usiku wa manane kwetu ni ule usiku mkubwa watu wakiwa wamelala fofofo, nao hauna dakika maalumu. Tena "usiku wa Ijumaa" kwa wanaoanza siku magharibi, jua linapotua, ni usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, na wasomaji wawili wa mtaa mmoja wanaweza kuufahamu tofauti bila yeyote kukosea. Kiswahili kimekwisha kutupa dawa katika neno "kuamkia", ambalo watangazaji wa habari hulitumia kila siku. Nikifasiri mkataba, huandika "saa 6:00 usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi", ingawa sentensi inarefuka.

Ukikuta "12 a.m." au "12 p.m.", ongeza uangalifu. Vifupisho hivyo vya Kilatini maana yake ni kabla na baada ya adhuhuri, na saa sita ya usiku iko mbali na adhuhuri sawasawa kwa pande zote mbili. Kwa mazoea "12 a.m." ni usiku na "12 p.m." ni mchana, lakini wapo wanaozigeuza. Ndiyo maana Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani inashauri mikataba itumie 11:59 p.m. au 12:01 a.m., dakika moja kando ya mpaka, ambapo hakuna awezaye kubishania tarehe.

Limebaki suala la saa ya nani. Waraka usipotaja, mnunuzi wa London huenda anahesabu kwa saa yake. Mwezi Mei Uingereza huwa imekwisha kusogeza saa zake mbele kwa majira ya kiangazi, hivyo sisi tunaitangulia kwa saa mbili, na "midnight" yao huwa saa 8:00 usiku hapa Dodoma. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi tofauti ni saa tatu, nayo huangukia saa 9:00 usiku. Usizihesabu saa hizo kama nyongeza yako kabla hajathibitisha.

Mwandikie leo umuulize hivi: "Do you mean 23:59 on Friday 15 May, London time?" Jibu lake lihifadhi pamoja na waraka, na lisipofika, wasilisha bei zako kabla Alhamisi tarehe 14 haijaisha.