Vichezeo vya Paka wa Ndani: Niliyojifunza Baada ya Uzi Mmoja

Paka wangu anaitwa Kunguru, kwa weusi wake na kwa kelele zake. Nje hatoki. Mwaka wa kwanza niliamini paka wa ndani kazi yake ni kula, kujilamba na kulala, basi. Yeye alinijibu usiku wa manane. Nikigeuka kitandani, vidole vya miguu vinashambuliwa. Alfajiri yuko juu ya pazia. Mchana nakuta kiti kimechanwachanwa. Nikamhesabu kuwa mkorofi, kumbe nilikuwa nafuga mwindaji asiye na kazi.

Nikampa donge la sufu, kwa kuwa kila picha ya paka niliyowahi kuona ilikuwa na donge la sufu. Alilipenda sana. Nikawa namwachia hata nikitoka.

Siku moja nikamkuta amejikunyata kwenye kona, ametapika mara tatu na chakula hakitaki. Daktari wa mifugo alimfungua mdomo, akauinua ulimi, akanionyesha: uzi umejizungusha kwenye shina la ulimi, na ncha nyingine imekwisha kushuka hadi tumboni. Siku hiyohiyo akafanyiwa upasuaji.

Ulimi wa paka umejaa vimiba vinavyoelekea kooni. Kitu chembamba kikinasa hapo, paka hawezi kukitema kwa urahisi, kwa hiyo anaendelea kukimeza. Hatari zaidi ni pale ncha moja inapokwama huku utumbo ukiendelea kuisukuma ile nyingine: utumbo unajikunja mikunjomikunjo, kama nguo iliyovutwa uzi, na uzi ukikaza unaweza kuutoboa. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma ya paka wako, usiuvute hata kidogo. Mpeleke kwa daktari.

Tangu siku hiyo sufu, uzi wa kushonea (hasa wenye sindano), utepe wa zawadi, kamba za viatu na mipira ya kubania nywele vinalala ndani ya droo. Kila kichezeo kipya nakikagua kabla hajakiona. Macho ya plastiki yaliyogundishwa, kengele ndogo, mkia uliobanwa kwa gundi: nikiweza kukitoa kwa kucha zangu, yeye atakitoa kwa meno, kwa hiyo nakitoa mimi kwanza. Mpira mdogo unaoweza kuingia wote mdomoni mwake haukai nyumbani kwangu. Mipira ya tenisi ya mezani inamfaa: myepesi, inadunda ovyo, ila ukipasuka nautupa.

Kichezeo kilichobadilisha maisha yetu ni fimbo yenye manyoya kwenye ncha ya kamba. Nacho mwanzoni nilikitumia vibaya. Nilikuwa nampungia manyoya usoni, naye ananitazama kama anayenionea huruma. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa: panya gani anajipeleka mwenyewe mdomoni mwa paka? Windo hukimbia, hujificha, husimama likatega sikio, kisha huchomoka. Nikaanza kuyaburuta manyoya taratibu kando ya ukuta, nikayaingiza nyuma ya mguu wa kiti, nikayaacha yatulie, halafu yakatetemeka kidogo tu. Hapo ndipo nilipomwona Kunguru niliyekuwa simjui. Tumbo limegusa sakafu, mboni zimepanuka, makalio yanatikisika, na ghafla ameruka.

Usiwe na haraka anapovizia. Wengi huona paka ametulia wakadhani amechoka, nao wanazidi kutikisa fimbo. Kwake kuvizia ndio mchezo wenyewe, tena sehemu kubwa. Na akikamata, mwachie aume, ateke kwa miguu ya nyuma, aone kwamba amepata. Sisi hucheza kama dakika kumi jioni na dakika kumi nyingine kabla sijalala, kwa sababu paka kwa asili huchangamka jua linapozama na linapokaribia kuchomoza. Kuelekea mwisho napunguza kasi, windo linachoka, anakamata mara ya mwisho, kisha nampa chakula chake cha usiku hapohapo. Amewinda, amekamata, amekula. Kinachobaki ni kujilamba na kulala. Vidole vyangu vilipona ndani ya wiki mbili hivi.

Akianza kuhema mdomo wazi, simamisha. Huo si uchovu wa kawaida wa paka, na ukijirudia daktari aelezwe.

Taa ya leza nimeiweka kando. Paka anakimbiza kitone ambacho hakamati kamwe, na wengine hubaki wanakitafuta ukutani hata taa ikishazimwa. Ukiipenda, usiielekeze machoni, na umalizie kitone juu ya kipande cha chakula ili walau anase kitu. Mikono yako nayo isiwe kichezeo, hata akiwa mdogo na meno yake yanatekenya tu. Hayabaki madogo.

Kwa saa ninazokuwa nje, namwachia vya kuchezea peke yake. Boksi la kadibodi, nikishatoa gundi ya utepe na pini, nalitoboa matundu ya kupitisha mkono wake. Roli la karatasi ya chooni lililokwisha natia ndani punje chache za chakula kikavu, nakunja ncha zote mbili, naye anapambana nalo hadi litapike. Mfuko wa karatasi ni raha tupu, lakini kata vishikio kwanza, maana shingo inaweza kunasa. Wa plastiki hapana.

Katinipu, ule mmea unaowalewesha paka, niliununua ndani ya panya wa kitambaa. Kunguru akamnusa, akaenda zake. Baadaye nikajua kwamba mwitikio huo hurithiwa na si kila paka anao, na wadogo wa wiki chache kwa kawaida hawashtuki kabisa. Kwa hiyo usikasirike na paka wako kwa hilo.

Na usimwage vichezeo vyote sakafuni. Kinacholala palepale siku nzima kimekwisha kufa machoni pake. Mimi naacha vitatu, vingine vinakaa kwenye kopo, na kila wiki nabadilisha. Mpira wa mwezi uliopita ukirudi anaupokea kama mgeni.

Fimbo yenyewe, kwa kuwa ina kamba, hailali nje hata usiku mmoja. Inarudi kwenye droo pamoja na zile nyuzi. Kunguru anaijua droo hiyo. Jua likishuka anakaa mbele yake na kuniita. Wiki iliyopita nilimkuta ameshaifungua nusu kwa kucha, kwa hiyo sasa ina kitasa.