Bastola ya Stepla: Kutengeneza Milio ya Silaha za Gemu Ukiwa Nyumbani

Gemu yangu ya kwanza ilikuwa na bastola moja tu, na bastola hiyo ilinitesa wiki tatu. Nilipasua baluni. Nilibamiza milango. Nilichapa mto wa kochi kwa rula mpaka mke wangu akauliza kochi limenikosea nini. Kila nilichorekodi kilibaki kilivyo: baluni ni baluni, mlango ni mlango. Usiku mmoja, nimeshachoka, nikabandika "kchak" ya stepla mara tu baada ya kishindo cha mlango, nikaenda kulala. Asubuhi mdogo wangu akakaa kwenye kompyuta, akafyatua mara moja, akageuka: "Kaka, hii bastola umeitoa wapi?"

Mlango ulikuwa ule ule wa jana. Kilichoongezeka ni stepla. Tangu siku ile naifanya kazi hii kinyume na nilivyoianza: vyuma vidogo kwanza, kishindo baadaye.

Sababu yake si uchawi. Mlio wa bunduki halisi karibu na mpigaji hupita desibeli 140, kiwango kinachoweza kuharibu sikio papo hapo. Maikrofoni ya simu haiubebi mshtuko huo, na spika za mchezaji haziwezi kuurudisha. Ndiyo maana video nyingi za watu wakipiga risasi hutoa "pap" kavu, kama kipande cha mbao kimeanguka. Kwa kuwa nguvu yenyewe haimfikii, msikilizaji hutafuta ushahidi mwingine: chuma kikigusana na chuma, kitu kikirudi mahali pake, kimwangwi cha ukumbi. Mpe ushahidi huo, naye atakijaza kishindo mwenyewe kichwani. Kwa hiyo usihangaike kutafuta bunduki ya kweli, na fataki ziache kabisa. Hazikusaidii, na vidole unavihitaji kwa kuhariri.

Vyuma, basi. Pita nyumbani ukibofya na kufungua kila kitu. Stepla ni slaidi ya bastola, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma na mbele. Kitasa cha zamani, kile kizito chenye ufunguo mrefu, ni bunduki ya kukoki. Kalamu ya kubofya ni kile kitufe cha usalama. Miguu ya stendi ya kamera, ile inayovutwa na kufungwa kwa vibano, ina milio minne au mitano ndani yake. Na kama una drili ya betri, sikiliza betri inavyoingia mahali pake: hiyo ni magazini ya bunduki (kile kisanduku cha risasi), haihitaji hata kuhaririwa sana. Kitu chepesi kikisikika kama mchezo wa watoto, kiegemeze kwenye meza ya mbao unapokibofya. Meza itakiongezea mwili.

Jambo lililonichelewesha hapa ni kurekodi vipande vilivyotengana. "Klik" moja leo, "klak" nyingine kesho, kisha navipanga kwenye kompyuta kama matofali. Kubadilisha magazini ni kitendo chenye mdundo: unachomoa, kuna kimya kidogo, unasukuma mpya ndani, unaipiga kwa kiganja, unavuta. Siku hizi naigiza kitendo chote kwa mkono, macho nimeyafumba, mara sita au saba mfululizo, kisha nachagua mara iliyokaa vizuri. Mkono unajua muda kuliko kipanya.

Kuhusu vifaa, simu inatosha kuanzia, lakini ina ujanja mmoja unaoharibu kazi yote. Programu nyingi za kurekodi kwenye simu hupandisha na kushusha sauti zenyewe na kukandamiza kelele, kwa sababu zimetengenezewa mazungumzo. Pigo kali likija, simu hulibana. Pigo likipita, hupandisha kelele ya chumba. Unabaki na mlio uliokatwa kichwa na mkia uliojaa mvumo. Tafuta programu inayokuruhusu kuzima hayo yote na kuhifadhi faili la WAV. Ukipata kinasa sauti chenyewe, weka kilohezi 48 na biti 24, na kiwango cha sauti kisipite takriban desibeli 12 chini ya sifuri. Ukiwa na biti 24 huna haja ya kurekodi kwa sauti kubwa, utapandisha baadaye. Lakini kilele kilichokatwa wakati wa kurekodi hakirudi tena. Nilipoteza alasiri nzima ya milango mizuri kwa kosa hilo.

Mahali pa kurekodia, kabati lililojaa nguo linashinda chumba kitupu. Zima feni. Zima na friji, halafu weka funguo zako ndani yake, ili usitoke nyumbani ukaisahau. Ni mbinu ya zamani ya warekodi sauti, na imeniokoa zaidi ya mara moja. Kabla ya kuanza, rekodi sekunde kumi za kimya, maana programu ya kuondoa kelele inahitaji sampuli ya kelele yenyewe. Itumie kidogo. Ukiizidisha, mlio unaanza kububujika kama uko chini ya maji.

Silaha za kukata zina tabia yake. Ule mvumo wa upanga ukipita hewani haupatikani kwa upanga. Fimbo nyembamba au kipande cha kebo hufanya kazi vizuri zaidi. Zungusha ukipita kando ya maikrofoni, usiielekee, la sivyo utarekodi upepo ukiigonga. Ule mlio mrefu wa kuchomoa upanga alani ni uongo mtupu, kwa sababu ala ya ngozi au mbao haiwezi kulia namna hiyo. Lakini wachezaji wameuzoea, na upanga unaotoka kimya wanaudhani ni hitilafu. Nauvuta kwa mgongo wa kisu butu kwenye ukingo wa sinia la chuma, polepole. Hapa ndipo kurekodi kwa kilohezi 96 badala ya 48 kunapolipa: ukiupunguza mwendo kwa nusu, mlio unakuwa mzito na mrefu bila kufifia, kwani bado una taarifa za juu za kushusha, mradi maikrofoni yako izinase.

Silaha za mionzi ndizo ninazozipenda kuliko zote. Kwa ajili ya filamu ya Star Wars ya mwaka 1977, Ben Burtt alipata mlio wa bunduki za mionzi kwa kugonga waya uliokazwa wa kushikilia mnara wa redio. Mnara huna, na wala usiguse wa mtu. Chukua ile springi ndefu ya kuchezea watoto, itundike, bandika kikombe cha karatasi kwenye ncha ya chini, elekeza maikrofoni ndani ya kikombe, kisha gonga springi kwa kalamu. "Pyuu!" Ndani ya springi mawimbi membamba husafiri haraka kuliko mazito, kwa hiyo yanafika kwanza, na mazito yanafuata nyuma. Ndiyo ile sauti inayoteremka. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu, nikaigonga springi ile hadi saa nane za usiku.

Sasa tuje kwenye kuhariri. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Jambo la kwanza ni kukata kimya cha mwanzo. Kimya cha milisekunde 40 tu kinaifanya bunduki ionekane nzito kuitikia, na mchezaji atalaumu vidhibiti, hatalaumu sauti. Kata mahali wimbi linapokatiza mstari wa sifuri, uweke mfifio mdogo mwishoni, vinginevyo kila risasi itakuja na kitiki chake.

Kisha tabaka. Mlio wangu wa bastola una nne: pigo la mwanzo lisilofika hata sehemu ya ishirini ya sekunde (mkanda wa ngozi uliokunjwa na kuvutwa ghafla, "tash"), mwili (mlango uliopunguzwa mwendo kwa nusu), chuma (stepla), na mkia (mwangwi unaobaki). Kosa linalowapata wengi, nami nimo, ni kuacha besi kwenye kila tabaka. Zinapigana, na matokeo yake ni matope. Nakata kila kilicho chini ya hezi 100 hivi kwenye pigo na chuma, besi nauachia mwili peke yake. Ukiona tabaka mbili zikiungana mlio unakuwa mwembamba badala ya kuwa mnene, mawimbi yake yanafutana: sogeza moja kwa milisekunde moja au mbili, au ligeuze juu chini. Kompresa, zana inayobana sauti kubwa, nayo ina mtego wake. Ikibana mara moja, inaua lile pigo la mwanzo ulilolitafuta kwa mkanda. Icheleweshe milisekunde 10 au 20 ili pigo lipite kwanza.

Mkia ndio unaomwambia mchezaji yuko wapi. Chumba, korongo na uwanja wazi haviwezi kuwa na mkia mmoja. Baluni zilizonishinda kama bastola zilikuja kunifaa hapa: pasua moja kwenye ngazi za jengo refu, rekodi mwangwi wake, kisha uulishe kwenye programu ya mwangwi inayokubali sampuli za mahali. Kitu chochote utakachokipitisha humo kitasikika kama kimetokea kwenye ngazi zile. Waarifu majirani kwanza. Mimi sikuwaarifu.

Bunduki ya kumimina risasi ina hesabu yake. Risasi 600 kwa dakika ni risasi 10 kwa sekunde, yaani milisekunde 100 kati ya moja na nyingine. Mkia wa sekunde mbili ukijirudia hapo unarundikana mpaka kila kitu kinakuwa mngurumo. Nautenga mkia kuwa faili lake, ambalo linasikika vizuri pale tu mchezaji anapoachia kifyatulio. Na usirudie risasi ile ile. Sikio hugundua nakala haraka sana, na bunduki inageuka cherehani. Tengeneza matoleo manne au matano, kila moja na "kchak" yake tofauti, kisha iambie injini ya gemu ichague kwa bahati nasibu na kubadili kidogo uzito wa sauti kila mara.

Milio inayotoka mahali fulani ndani ya ulimwengu wa gemu ihifadhi kwa chaneli moja, injini ndiyo itakayoipeleka kushoto au kulia. MP3 iepuke, kwani huongeza kimya kidogo mwanzoni, na tumeshaona kimya kinafanya nini. Ukikwama na kuchukua mlio kutoka tovuti ya Freesound, soma leseni ya kila faili: nyingine ziko huru kabisa, nyingine zinadai utaje jina, nyingine haziruhusu biashara. Kunyofoa milio ya gemu la mtu mwingine usijaribu, hata kama umeipindua.

Mwisho, cheza gemu lako nusu saa kwa spika ya simu. Kama bastola imekufa kwa sababu besi haisikiki, mwili wake ulikuwa besi tupu. Uongezee kitu cha katikati. Na kama kichwa kinaanza kuuma, punguza kati ya hezi 2,000 na 5,000, eneo ambalo sikio ni jepesi kuliko yote. Mlio uliokusisimua mara ya kwanza, mchezaji atausikia mara elfu.

Kwa sasa ninachohangaika nacho ni upinde. Mpira wa kufungia unasikika kama mpira wa kufungia, na mkanda wa ngozi nimeshautumia kwenye bastola. Nimebakiza kuijaribu kamba ya kuanikia nguo. Nasubiri zikauke.