Pimbi wa Mlima Kenya na usiku wa barafu

Mwenzetu ameuliza mnyama wa porini anaishije mahali maji yanapoganda, na karibu wote mmemtajia dubu mweupe na pengwini. Mimi namtaja jirani yetu, pimbi. Kabla sijahamia hapa Nairobi nilikuwa mpagazi Mlima Kenya, na mara nyingi tulilala kambi ya Mackinder, bonde la Teleki, kama mita 4,200 juu ya usawa wa bahari. Maji tuliyoacha nje kwenye sufuria tuliyakuta asubuhi yamekuwa barafu.

Pimbi hahami huko mwaka mzima. Umbo lake ni kama la sungura mnene mwenye masikio mafupi, ingawa kiukoo yuko karibu zaidi na tembo. Nilidhani manyoya tu ndiyo yanamwokoa. Kweli, yake ni marefu na mazito kuliko ya pimbi wa nyanda za chini. Lakini mwili wake hautunzi joto vizuri. Joto lake hupanda na kushuka kuliko letu. Kwa hiyo hapotezi nguvu kushindana na baridi, anabana matumizi. Jioni wanaingia kwenye nyufa za mawe, upepo usikofika, wanalala wamebanana, wengine wamepandana migongoni, joto la mmoja likimfaa mwenzake.

Alfajiri nikienda kuteka maji, vidole vimekufa ganzi, sikuona hata mmoja. Jua likishagusa mwamba, kinatokea kichwa, kisha kingine, mara ukoo mzima umejilaza ubavu kwa ubavu kuota jua. Wanakaa hivyo muda mrefu bila kujitikisa. Nilipenda sana kuwatazama. Nilichelewa kufunga mizigo mara nyingi kwa sababu yao. Wakishapata moto ndipo wanashuka kula majani, hata ya lobelia, tena upesi upesi, halafu wanarudi maweni kupumzika. Asubuhi ya ukungu hawakuwa na haraka ya kutoka.

Nawaomba mnaopanda mlima msiwarushie biskuti. Tumbo lao limeumbwa kuchachusha majani, na wakizoea kambi wanaacha tahadhari.

Maana huko kuota jua ndiko kunakowaweka wazi kwa tai mweusi. Pimbi wengine wakiwa wamelala, mmoja wao hubaki juu ya jiwe refu, macho angani. Akitoa mlio tu, mwamba wote unabaki mtupu hata kabla sijageuza shingo kumtafuta huyo tai.