Saa za usukani: foleni ya mizani ni mapumziko?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Naendesha semi, nabeba kontena kutoka Dar kwenda Rusumo. Siku inayonitesa ni ile ya Morogoro hadi Singida. Naamka saa 11 alfajiri, saa 12 niko barabarani. Dodoma nafika kama saa 6 na nusu mchana, ila mizani na chakula vinanikalisha hadi saa 9. Bosi anataka nilale Singida, yaani nifike saa 2 usiku, halafu saa 10 alfajiri niondoke tena. Nikilalamika anasema foleni ya mizani ni mapumziko, si umekaa tu? Nimesikia Ulaya ukiendesha saa 4 na nusu lazima usimame. Sheria yetu inasemaje? Dereva, Morogoro.

JIBU: Njema, dereva. Bosi wako amekosea, na nitakupa hesabu ya kumwonyesha.

Foleni ya mizani unaijua. Unasogea mita kumi, unazima, gari la mbele linasogea, unawasha. Makaratasi mkononi, jicho kwenye kioo asije mtu akachezea turubai au lakiri. Hapo uko kazini. Hata huko Ulaya ulikosikia, ambako kweli ni dakika 45 za kupumzika kila baada ya saa 4 na nusu za kuendesha, takografu, kifaa cha ndani ya gari kinachorekodi saa za dereva, inatenganisha kuendesha, kazi nyingine na mapumziko. Mapumziko ni muda ambao uko huru, hakuna anayekuita.

Kwetu shika kwanza Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Ukijumlisha ovataimu, siku moja isizidi saa 12. Ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo unastahili mapumziko ya dakika 60. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine ni saa 12 za kupumzika mfululizo, na kila wiki saa 24. Zile 12 zinaweza kushushwa hadi 8, lakini kwa makubaliano ya maandishi na kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba katikati ya siku ulipewa angalau saa 3 za kupumzika. Mabosi wengi wanaikumbuka hiyo 8 na kuyasahau masharti yake.

Sasa siku yako. Saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku ni saa 14. Toa saa moja ya chakula, zinabaki 13. Umeshavuka. Saa 2 usiku hadi saa 10 alfajiri ni 8, na humo ndani kuna kuoga, kula, kukagua matairi na kuelewana na mlinzi wa maegesho. Usingizi wenyewe ukifika saa 6 shukuru.

Lakini mimi hesabu inayonisumbua zaidi ni ya tangu ulipoamka. Mwili hauulizi kama injini ilikuwa imezimwa. Ukifika Singida saa 2 usiku una saa 15 macho, na hapo hakuna kilichoharibika. Pancha moja Bahi, ukachelewa saa mbili, tayari ni saa 17. Vipimo vya kitaalamu vimeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anachelewa kuitikia karibu sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Kwa mwendo wa 80, kusinzia sekunde nne ni kama mita 90 ambazo semi ya tani 56 imekwenda bila dereva.

Ningekuwa mimi ninayekupangia safari, ungelala Manyoni. Kutoka Dodoma ni kama kilomita 127. Ukiondoka saa 9, saa 11 na nusu jioni umepaki, jua bado lipo, na kazi ya siku haijavuka 12. Kesho ondoka saa 11 na nusu alfajiri, saa 12 zako za kupumzika zimetimia. Unapita Singida asubuhi na mteremko wa Sekenke unaushuka mchana kweupe, breki na akili vyote vikiwa vizima. Kwa ratiba ya bosi unaanza kazi saa 10 alfajiri, na kati ya saa 8 usiku na saa 11 alfajiri ndipo usingizi una nguvu kuliko wakati wowote.

Una mtego mwingine: saa 8 hadi 10 mchana mwili hulegea wenyewe, hata kama ulilala vizuri, na wewe wakati huo unaingia Bahi, barabara imenyooka, joto, tumbo limejaa ugali. Kabla ya kuondoka Dodoma kunywa kahawa kikombe kimoja, tega simu dakika 20, lala. Kahawa huchukua kama nusu saa kukolea, kwa hiyo unaamka nayo. Ukishaamka, zunguka gari kwanza, usikimbilie usukani. Kufungua dirisha na kupandisha muziki havirudishi usingizi uliokosa. Mirungi siizungumzii, hiyo ni kesi ya polisi. Na usimwachie tandiboi, msaidizi wako wa garini, usukani “kidogo tu” kama hana daraja la leseni la gari hilo. Likitokea la kutokea, bima itakuuliza wewe.

Kwa bosi nenda na daftari. Wiki mbili andika kila siku: saa ya kuamka, kuwasha, kuingia na kutoka mizani, kupaki, kulala. Linganisha na kumbukumbu za traka, kifaa cha kufuatilia gari, maana bosi anazo ofisini. Kisha mwombe abadilishe kituo cha kulala tu, tarehe ya kufika Rusumo mjadiliane baadaye. Akikataa, omba hiyo ratiba ya Singida akupe kwa maandishi, hata kwa WhatsApp. Wengi hapo hulegeza. Asipolegea, peleka daftari na ujumbe huo kwa afisa kazi wa mkoa au chama chenu cha madereva.