Walsi ilitoka vijijini kabla ya kufika Vienna
Kwa aliyeuliza kama walsi, dansi ya wawili wawili wanaozunguka kwa mapigo matatu, ilizaliwa katika majumba ya kifalme ya Vienna, mji mkuu wa Austria, mizizi yake mikubwa iko vijijini. Wakulima wa Austria na Bavaria, kusini mwa Ujerumani, walicheza Ländler, ngoma ya mapigo matatu ambamo mwanamume na mwanamke huzunguka pamoja, hupita chini ya mikono iliyoinuliwa, na hukanyaga sakafu kwa viatu vizito. Ilipoingia katika kumbi za mjini zenye sakafu laini, mwendo uliharakishwa na vishindo vikageuka kuwa mtelezo, ikawa walsi. Kilichowaudhi wengi ni wachezaji kushikana kwa karibu, jambo ambalo minueti, dansi ya matajiri, haikuwa nalo. Msikilizeni Schubert, mtunzi wa muziki mzaliwa wa Vienna: katika vipande vyake vifupi vya piano, Ländler na walsi ni vigumu mno kutenganishwa.