Uliza Fundi: Nakala ambayo haijawahi kuwashwa

*Shikamoo Fundi. Niko peke yangu kwenye kitengo cha kompyuta. Nina seva mbili zenye Proxmox (programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya seva), na juu yake mashine pepe tatu: ya barua pepe, ya mafaili na ya hifadhidata ya uhasibu. Bosi amesikia kwamba mashine pepe huweza kuhama seva huku watu wakiendelea na kazi, na sasa anataka "moja ikiungua, nyingine ishike bila mtu kujua." Nimeweka urudufishaji, yaani kunakili diski za mashine kwenda seva ya pili, kila dakika 15. Kuhamisha nako nimejaribu. Ya barua ilihama, ya mafaili pia, ila ya uhasibu ilizunguka karibu saa nzima ikashindwa. Kesho yake ilihama, lakini ikaganda muda mfupi baada ya kufika. Je, nimwambie bosi tuko tayari? Na kama nakala ipo seva ya pili, bado nahitaji bekapu? – Mlinzi wa seva, zamu zote*

Marahaba, kijana wangu. Bosi mwambie bado. Na usimwambie kwa unyonge, maana umeshagusa kazi ambayo wengi huiahirisha mpaka moshi utoke.

Kuna mambo mawili bosi kayachanganya, na hayuko peke yake. Kuhamisha mashine ikiwa hai kunataka seva zote mbili ziwe hai. Ya kwanza ndiyo inayosukuma kumbukumbu kwenda kwa mwenzake, na ikishaungua hakuna wa kusukuma. Kwa hiyo uhamishaji ni wa siku za amani: unabadilisha diski, unaongeza RAM, au umesikia feni imeanza kulia. Siku ya janga utabaki na ile nakala iliyokwisha kufika upande wa pili, nayo haijiwashi bila mtu kujua. Itazimika, itawashwa, na watu watajua.

Sasa hiyo mashine ya uhasibu. Inapohama ikiwa hai, kumbukumbu yake yote (RAM) hunakiliwa kwanza, kisha hunakiliwa kurasa, yaani vipande vidogo vya kumbukumbu, zilizobadilika wakati wa kunakili, kisha zilizobadilika wakati wa raundi hiyo ya pili, na kuendelea, mpaka yabaki machache ya kumaliziwa kwa kuisimamisha kufumba na kufumbua. Watafiti wa Xen, programu nyingine ya mashine pepe, walipoeleza njia hii mwaka 2005, walihamisha seva ya mchezo wa kompyuta huku wachezaji wakiendelea kucheza, na ikasimama kwa milisekunde 60 tu. Lakini fanya hesabu ya kwako. Tuseme ina RAM ya gigabaiti 32 na kebo yenu ni ya gigabiti 1. Kebo hiyo, ikijitahidi sana, hupitisha kama megabaiti 110 kwa sekunde, kwa hiyo raundi ya kwanza peke yake ni dakika tano. Kama wahasibu wanafunga mwezi na hifadhidata inachafua megabaiti 120 kila sekunde, hapo unakumba maji kwenye mtumbwi ambao tundu lake ni kubwa kuliko kopo lako. Utakumba hadi asubuhi. Ama upate kebo ya gigabiti 10 kati ya seva hizo mbili, iwe ya kazi hiyo tu, ama uhamishe saa ambayo hakuna anayeandika. Na kama unaruhusiwa kuizima kwa dakika chache, izime, ihamishe ikiwa baridi, iwashe. Hakuna aibu katika hilo. Mimi hufanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyokiri mbele za watu.

Kuganda baada ya kufika kunanipa shaka na prosesa. Angalia mipangilio ya mashine hiyo: kama aina ya prosesa imeandikwa "host", mashine pepe inaiona prosesa halisi ya seva ya kwanza pamoja na amri zake zote. Ikifika kwenye seva yenye prosesa ya kizazi kingine, programu inaita amri ambayo haipo. Chagua aina ambayo seva zote mbili zinaimudu. X86-64-v2-AES huwafaa wengi. Kumbuka kuizima kabisa na kuiwasha ndipo badiliko lishike. Na kama seva moja ni ya Intel na nyingine ya AMD, usitegemee kuhamisha ikiwa hai hata kidogo.

Dakika 15 nazo zina mtego. Watu hudhani wakipoteza, watapoteza dakika 15 zisizozidi. Hapana. Chukua picha ya diski (snapshoti, yaani hali ya diski ilivyo wakati huo) iliyopigwa saa 4:00, ikachukua dakika sita kufika. Inayofuata inapigwa saa 4:15. Seva ikifa saa 4:20, ile ya pili haijamaliza kufika, kwa hiyo ulicho nacho ni hali ya saa 4:00. Zimekwenda dakika 20. Hilo si swali la fundi, mpelekee mhasibu mkuu: vocha za dakika ngapi mnaweza kuziandika upya kutoka kwenye karatasi? Akikujibu "hata moja," mweleze kuna urudufishaji wa papo kwa papo, kama programu ya DRBD kwa itifaki yake C, ambako kila maandishi hayahesabiwi kuwa yameandikwa mpaka yafike pande zote mbili. Halafu mweleze na bei yake, ambayo ni kusubiri. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo za mtandao hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ya pili ikiwa kilomita 100, kwenda na kurudi ni milisekunde moja kabla hujahesabu swichi na diski. Hifadhidata inayoandika maelfu ya mara kwa dakika itaisikia.

Tena washa wakala wa QEMU, programu ndogo inayozungumza na seva, ndani ya kila mashine, ili mfumo wa mafaili utulizwe kidogo picha inapopigwa. Bila hivyo nakala yako ni kama ya mashine iliyochomolewa kwenye umeme. Mara nyingi huinuka, ila mimi sipendi kuishi kwa "mara nyingi".

Sasa nikupe aibu yangu mwenyewe. Nilikuwa na seva mbili kama wewe, urudufishaji unakwenda, kila mstari wa kijani. Saa nane usiku ya kwanza ikafa, kifaa cha umeme kiliungua. Nikaingia kwenye ya pili nikiwa na utulivu wa mtu aliyejiandaa. Mashine ya hifadhidata inaonekana, lakini bado imeandikishwa chini ya seva iliyokufa. Sawa, nihamishe faili la mipangilio. Mfumo ukakataa: faili halihaririki. Nikadhani diski imeharibika. Nikahangaika dakika arobaini na diski isiyo na kosa, kumbe shida ni akidi. Klasta, yaani kundi la seva zilizounganishwa, ikiwa ya seva mbili na ikibaki na moja haina wingi wa kura, kwa hiyo hujifunga isiandike chochote. Amri yake ni `pvecm expected 1`, maneno mawili na tarakimu moja, nayo nilikuwa sijawahi kuiandika popote.

Faili likahama. Nikawasha. Ikanijibu kwamba daraja la mtandao vmbr1 (swichi ya kiprogramu inayounganisha mashine pepe na mtandao) halipo. Kweli halikuwepo; nililitengeneza kwenye seva ya kwanza miezi mingi nyuma, ya pili nikaisahau. Nikalitengeneza. Nikawasha tena. Sasa inadai faili la ISO (nakala ya CD) la kusakinishia mfumo, ambalo niliacha limechomekwa kwenye kisahani bandia tangu siku ya kwanza, nalo limelala kwenye seva iliyokufa. Nikalichomoa. Mashine ikawaka saa kumi kasoro robo. Nakala ilipungukiwa dakika 11 za kazi. Mimi nilipungukiwa karibu saa mbili.

Ndiyo maana kabla hujampelekea bosi neno "tayari", washa hizo nakala. Usiwashe nakala yenyewe, utavuruga mfululizo wa urudufishaji. Tengeneza kloni (nakala inayojitegemea) ya picha ya mwisho, uiunganishe na daraja lisilo na kebo yoyote, maana ikiingia mtandaoni mtakuwa na mashine mbili zenye anwani moja ya IP. Mwite mhasibu akae kwenye skrini akutafutie vocha ya mwisho aliyoingiza asubuhi hiyo. Shika saa. Andika kila amri kwenye daftari la karatasi, lile la ndani ya kompyuta litakuwa limezimika pamoja na kompyuta.

Kuhusu kuziachia seva zishikane zenyewe bila mtu: kwa seva mbili tupu, usithubutu. Kebo ya katikati ikikatika, kila moja inaweza kudhani mwenzake amekufa, na ukiishalazimisha kura ziwe moja kila upande, mashine ya uhasibu itawaka pande zote mbili, vitabu viwili, kila kimoja na vocha zake. Fahali wawili kwenye zizi moja. Tafuta mpiga kura wa tatu; kompyuta ndogo tu inatosha, haihitaji kubeba mashine yoyote.

Na bekapu? Unaihitaji, ndiyo, tena kuliko mwanzo. Urudufishaji ni mtiifu mno: mtu akifuta folda saa 4:02, saa 4:15 imefutika na kwenye nakala. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu, alifuta saraka ya hifadhidata kwenye seva hai akidhani yuko kwenye seva ya nakala. Njia zao kadhaa za bekapu zilipojaribiwa hazikufanya kazi, na kilichowaokoa ni picha ya saa sita nyuma, iliyopigwa kwa sababu nyingine kabisa. Kisha hukuniambia seva ya pili iko wapi. Kama iko chumba kimoja na ya kwanza, kumbuka Strasbourg, Ufaransa, tarehe 10 Machi 2021: jengo la SBG2 la OVHcloud, kampuni ya kukodisha seva, liliungua lote, na wateja ambao bekapu zao zilikuwa pale pale walizipoteza pamoja na seva. Bekapu moja angalau ikae nje ya jengo, na nenosiri lake lisiwe lile lile la seva.

*Fundi, baada ya janga tuko kwenye seva ya pili na ile ya kwanza imetengenezwa. Niiwashe tu? – Aliyepona*

Usiiwashe ikiwa na kebo za mtandao za watumiaji. Ina mashine za zamani zenye data ya zamani, na kama zimewekwa kujiwasha zenyewe zitajiwasha bila kukuuliza. Zizuie kwanza. Kisha rudufisha kutoka ya pili kuja ya kwanza, acha mizunguko kadhaa ipite bila kosa, ndipo urudishe mashine moja moja, ukianzia na isiyo na maana sana.

*Nina snapshoti 14 za mashine moja, zote kwenye diski ile ile. Si zinatosha? – Mtunza picha*

Zinakaa kwenye diski gani, umesema?